Kisasili, Gereza na Damu: Asili ya 'Ndrangheta ya Calabria kwa Ushahidi wa Msamiati Wake

Ikisiri

Makala hii inachunguza asili ya 'ndrangheta, chama cha siri cha wahalifu kilichochipuka katika milima ya Aspromonte, jimboni Calabria, kusini mwa Italia. Yanajadiliwa maelezo matatu ya asili hiyo: kisasili kinachosimuliwa na wanachama wenyewe, dai kwamba chama ni zao la kale la koo za milimani, na ushahidi wa mahakama za mwishoni mwa karne ya 19. Hoja inayotetewa ni kwamba msamiati wa chama unashuhudia kuwa gereza lilitangulia na ukoo ukafuata, na kwamba kuupindua mfuatano huo kumekuwa na gharama kubwa.

1.0 Utangulizi

Alfajiri ya tarehe 15 Agosti 2007, watu sita wenye asili ya Calabria waliuawa kwa risasi nje ya mkahawa wa Kiitaliano katika mji wa Duisburg, Ujerumani. Uchunguzi ulibainisha kwamba mauaji hayo yalikuwa sehemu ya uhasama baina ya makundi mawili ya familia za San Luca, kijiji kidogo kilicho kwenye mteremko wa mashariki wa Aspromonte. Uhasama huo ulianza mwaka 1991 kwa ugomvi wa vijana wakati wa sherehe za kanivali, ambapo mayai yalirushwa na, kisha, risasi zikafyatuliwa. Magazeti ya Ulaya yalilieleza tukio hilo kwa neno moja: damu. Watu wa milimani, ilisemwa, wanalipiza kisasi kama walivyofanya mababu zao.

Hata hivyo, katika mfuko wa mmojawapo wa marehemu ilipatikana picha ndogo ya mtakatifu iliyounguzwa. Picha ya namna hiyo haina uhusiano wowote na kisasi cha kifamilia. Ni masalia ya kiapo. Anayeingizwa katika 'ndrangheta hutonwa damu kidoleni, na picha ya Malaika Mkuu Mikaeli huchomwa moto mbele ya wenzake. Kwa hiyo mambo mawili yalikuwapo Duisburg usiku ule: ukoo, ambao mtu huzaliwa ndani yake, na chama, ambacho mtu huapishwa ili akiingie. Wengi waliona la kwanza tu. Swali la makala hii ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa la mwanzo, na lugha ya wanachama wenyewe inalijibu vipi.

2.0 Kisasili cha Ndugu Watatu

Kwa mujibu wa masimulizi ya chama, ambayo hukaririwa katika taratibu za kuapisha, hapo kale waliishi Hispania makabaila watatu waliokuwa ndugu: Osso, Mastrosso na Carcagnosso. Walikuwa wafuasi wa Garduña, udugu wa siri wa mji wa Toledo ulioanza mwanzoni mwa karne ya 15. Dada yao alivunjiwa heshima na mtu mwenye cheo, nao wakamwua mkosaji. Wakahukumiwa, wakafungwa miaka 29 katika mashimo ya kisiwa cha Favignana, magharibi ya Sicilia. Humo gizani ndimo walimotunga sheria za chama. Walipofunguliwa walitawanyika: Osso akabaki Sicilia na kuanzisha Mafia, Mastrosso akavuka mlango wa bahari hadi Calabria na kuanzisha 'ndrangheta, Carcagnosso akaenda Napoli na kuanzisha Camorra.

Kihistoria, simulizi hili halina mashiko. Garduña yenyewe haikuwahi kuwapo. Neno hilo ni jina la Kihispania la mnyama mdogo mwizi wa kuku, wa jamii ya kicheche, na udugu wenye jina hilo ulipata umaarufu kutokana na kitabu kuhusu maovu ya Baraza la Kuhukumu Uzushi kilichochapishwa Paris mwaka 1845. Wanahistoria wa Hispania waliochunguza suala hilo hawakuona alama yoyote ya udugu huo katika kumbukumbu za karne za nyuma. Baada ya 1845 habari hiyo ilirudiwa na waandishi waliotafuta asili ya Camorra ya Napoli, na kutoka vitabuni ikashuka hadi midomoni mwa wafungwa. Aghalabu hufikiriwa kwamba fasihi simulizi huzaa fasihi andishi. Hapa njia imekwenda kinyume: riwaya ya bei rahisi imekuwa mapokeo matakatifu.

Majina ya mashujaa hao nayo yanafichua mengi. Osso ni neno la Kiitaliano lenye maana ya 'mfupa', na Kihispania husema hueso. Mastrosso ni muambatano wa mastro, yaani 'fundi' au 'bwana mkubwa', na neno lile lile osso. Carcagnosso linaanza na carcagno, umbo la kusini mwa Italia la neno linalomaanisha 'kisigino'. Hakuna hata jina moja la Kihispania kati ya hayo matatu. Majina yametungwa na wasemaji wa lahaja za kusini kwa kurudia kiini kimoja mara tatu, kama yanavyotungwa majina ya wahusika wa ngano ili yakumbukike kwa urahisi. Aliyeyatunga hakuhitaji kwenda Toledo.

Wasomi wa mapokeo ya Afrika Mashariki hawatashangazwa na umbo la kisasili hiki. Historia ya Kilwa inasimulia juu ya sultani na wanawe waliosafiri kutoka Shirazi kwa merikebu saba na kutia nanga kila mmoja mahali pake. Katika Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Mbegha anatoka Nguu akiwa amekataliwa na jamaa zake, anapanda milima ya Usambara, na mwindaji huyo mgeni anakuwa mwanzilishi wa ufalme. Steven Feierman, katika utafiti wake wa mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, alionyesha kwamba masimulizi hayo hayapaswi kusomwa kama shajara ya safari. Yanaeleza jinsi jamii inavyoyafahamu mamlaka na uhalali wake. Ulinganisho huu ni wa umbo tu, maana dola na genge la wanyang'anyi si kitu kimoja. Lakini funzo la kimbinu ni lile lile. Kisasili kikisema waanzilishi walitoka ng'ambo, kinachopaswa kuulizwa ni faida ambayo wasimuliaji wanaipata kwa kuwa na waanzilishi wa ng'ambo.

Faida hiyo si ngumu kuiona. Kisasili kinageuza mauaji kuwa ulinzi wa heshima ya dada, kinageuza kifungo kuwa mafunzo, na kinawapa wachungaji na vibarua nasaba ya kikabaila. Zaidi ya hayo, kinavipa vyama vitatu udugu uliosaidia wanachama wake walipokutana katika chumba kimoja cha gereza. Pamoja na uwongo wake wote, kuna kauli moja ndani yake ambayo haikustahili kupuuzwa: sheria zilitungwa gerezani.

3.0 Jina na Umri Wake

Maelezo ya pili yana heshima zaidi katika duru za kitaaluma kwa kuwa yanaegemea isimu. Mwanaisimu Paolo Martino ameonyesha kwamba jina 'ndrangheta linatokana na Kigiriki andragathía, yaani 'ushujaa' au 'wema wa kiume', neno lililoundwa na shina la anēr 'mwanamume' na agathos 'mwema'. Irabu ya mwanzo imedondoka, na alama ya ritifaa inayoandikwa mbele ya jina ndiyo kumbukumbu yake. Mkazo umehama, na king'ong'o kimeingia kabla ya g. Lahaja za kusini mwa Calabria zina pia kitenzi 'ndranghitiari, 'kujitutumua, kutembea kwa ubabe', ambacho kinaafikiana na asili hiyo kimaana.

Kwa Calabria, neno la Kigiriki si ajabu. Katika vijiji vya kusini mwa Aspromonte, kama Bova na Gallicianò, Kigiriki kilizungumzwa kwa karne nyingi, na wazee wachache wangali wanakizungumza. Gerhard Rohlfs, mwanaisimu Mjerumani aliyeitafiti Calabria kwa miongo kadhaa, alishikilia kwamba lugha hiyo ni mabaki ya makoloni ya Wagiriki wa kale. Wapinzani wake wa Kiitaliano waliihusisha na utawala wa Bizanti. Mjadala huo ni mrefu na hauna haja ya kuamuliwa hapa.

Tatizo ni hatua inayofuata, ambayo wengi wameichukua bila kujiuliza. Wanasema: neno ni la kale, kwa hiyo chama ni cha kale. Mantiki hiyo haifai. Neno serikali katika Kiswahili lina asili ya Kiajemi, lakini hakuna atakayedai kwamba serikali za Afrika Mashariki ziliasisiwa na Waajemi. Umri wa neno na umri wa kinachotajwa na neno ni vitu viwili. Neno lenye maana ya ushujaa lingeweza kuishi vijijini karne nyingi, likisifia mchungaji asiyeogopa mbwa mwitu, kabla ya kikundi fulani cha watu kujitwalia sifa hiyo.

Ushahidi unaonyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Katika mashauri ya mwishoni mwa karne ya 19, chama hakikuitwa 'ndrangheta. Kiliitwa picciotteria, na wanachama wenyewe walikiita onorata società, 'chama cha waheshimiwa'. Jina 'ndrangheta lilianza kufahamika kwa wasomaji wa Italia nzima baada ya Septemba 1955, mwandishi Corrado Alvaro, mzaliwa wa San Luca, alipolitumia katika makala ya gazeti la Corriere della Sera. Wakati huo serikali ilikuwa imempeleka Reggio Calabria mkuu wa polisi Carmelo Marzano kuwasaka wahalifu. Katika Kanuni ya Adhabu ya Italia, kifungu cha 416-bis kuhusu vyama vya kimafia kilitungwa mwaka 1982, lakini jina la 'ndrangheta liliongezwa humo mwaka 2010 tu. Jina ambalo asili yake ni ya kale kuliko yote ndilo lililochelewa kuliko yote kutumika.

4.0 Ushahidi wa Gereza

Ikiwa jina si shahidi wa kutegemewa, istilahi za ndani zinasema nini? Katika ngazi za chini mwanachama ni picciotto, kisha camorrista, kisha sgarrista. Picciotto ni 'kijana', neno la kusini lililokuwa pia jina la mwanachama mchanga katika genge la magerezani. Camorrista halihitaji maelezo: ni mwanachama wa Camorra, genge lililotoza wafungwa wenzao ada katika magereza ya ufalme wa Wabourbon wa Napoli, ambao ulianguka mwaka 1860. Sgarrista limenyambuliwa kutokana na sgarro, 'kosa, utovu wa adabu', ambalo katika lugha ya wahalifu lilihusishwa pia na kutoza watu kwa nguvu. Cheo chenyewe huitwa fiore, 'ua'. Tawi la mahali huitwa locale, kivumishi cha kawaida cha Kiitaliano kilichogeuzwa kuwa nomino.

Katika orodha hiyo hakuna istilahi ya Kigiriki, na hakuna istilahi ya ukoo. Mjomba, shangazi, mkwe, babu, yote hayo hayamo. Iwapo chama kingechipuka kutoka katika koo za milimani, ingetarajiwa kwamba ngazi zake zingebeba majina ya ngazi za ukoo, kama inavyotokea katika jamii nyingi ambazo mamlaka yake yamejengwa juu ya nasaba. Badala yake msamiati wote ni wa vijana wa kiume wasio na uhusiano wa damu, waliokusanywa mahali pamoja na kupangwa kwa madaraja. Mahali pa namna hiyo ni gereza.

Neno omertà linafaa kutajwa pia. Mara kwa mara hufafanuliwa kama 'uanaume', kana kwamba linatokana na neno la 'mtu mume'. Maelezo yenye nguvu zaidi kifonolojia ni yale yanayolirudisha kwenye umiltà, 'unyenyekevu'. Katika lahaja za kusini l iliyo kabla ya konsonanti hugeuka kuwa r, badiliko ambalo wazungumzaji wa Kiswahili, wenye mifano mingi ya kupokezana kwa sauti hizo mbili, hawataliona geni. Unyenyekevu kwa nani? Kwa chama na wakubwa wake. Kinachosifiwa kama ukimya wa kiume wa watu wa milimani huenda kilianza kama utii wa mfungwa mchanga kwa mfungwa mkongwe.

Kumbukumbu za mahakama zinaoana na ushahidi huu wa lugha. Kuanzia miaka ya 1880, na hasa katika miaka ya 1890, mahakama za Palmi na miji mingine ya Calabria zilisikiliza kesi za makundi ya watu walioshtakiwa kwa kuunda chama chenye viapo, vyeo na ada. Wengi wao walikuwa wamewahi kufungwa, na miili yao ilikuwa na chale na michoro ya gerezani. Mwanahistoria John Dickie, aliyezisoma kumbukumbu hizo kwa makini, amehitimisha kwamba picciotteria ilitoka magerezani na kuenea nje katika muongo huo wa 1880, wakati ambapo ufugaji na kilimo vilikuwa mashakani na reli ilikuwa ikijengwa. Amebainisha pia jambo ambalo 'ndrangheta ya leo isingependa likumbushwe: wanachama wa mwanzo walijipatia riziki kwa kamari, wizi wa mifugo, na hata kwa kuwanyonya makahaba. Hapakuwa na heshima ya dada yeyote iliyokuwa ikilindwa.

5.0 Ukoo Ulivyoingizwa

Basi ukoo ulitoka wapi? Uliingizwa taratibu, kwa sababu ulifanya kazi ambayo kiapo peke yake hakikuweza kuifanya. Chama cha wafungwa wa zamani kilikuwa na udhaifu mmoja: wanachama walisalitiana. Mashauri ya miaka ya 1890 yalifaulu mara nyingi kwa sababu baadhi ya washtakiwa walisema. Mtu aliyeapa mbele ya picha anaweza kuivunja ahadi yake. Mtu ambaye ushahidi wake utamfunga baba yake, shemeji yake na mwanawe ana mzigo mwingine kabisa.

Katika miongo iliyofuata makahaba waliachwa na ndoa zikashika nafasi yao. Mabinti waliozwa kwa wana wa washirika ili kufunga mapatano au kuzima uhasama. Seli ya msingi ya chama ikawa 'ndrina, ambayo kwa kawaida ni familia moja na wakwe zake. Mtoto wa kiume wa mwanachama akapewa cheo kabla ya kujua kusema: giovane d'onore, 'kijana wa heshima'. Inasimuliwa kwamba mtoto mchanga huwekewa kisu upande mmoja na ufunguo upande mwingine. Akigusa kisu atakuwa mtu wa chama, akigusa ufunguo atakuwa askari wa gereza. Kisu husogezwa karibu zaidi. Hadi atakapoapishwa, mtoto huyo husemwa kuwa yuko nusu ndani, nusu nje.

Kiisimu, giovane d'onore ni istilahi ya kufikiriwa sana. Imekaa chini ya picciotto katika ngazi, lakini haifanani na vyeo vingine, kwa kuwa haipatikani kwa tendo wala kwa kiapo bali kwa kuzaliwa. Ni kiraka kilichoshonwa kwenye vazi la zamani. Chama hakikubadilisha msamiati wake wa gerezani kilipougeukia ukoo. Kiliongeza neno moja mlangoni ili watoto wapite.

Nguvu ya mshono huo ilionekana baadaye. Cosa Nostra ya Sicilia iliyumbishwa kuanzia mwaka 1984 na ushahidi wa Tommaso Buscetta na waliomfuata, uliowezesha kesi kubwa ya Palermo ya 1986 na 1987. Calabria haikupata Buscetta wake wakati huo. Fedha za utekaji nyara, kama ule wa John Paul Getty III uliofanyika Roma mwaka 1973, na baadaye fedha za kokeini, zilipita mikononi mwa watu waliokuwa ndugu kwa kuzaliwa na kwa kuoana, na habari chache zilivuja.

6.0 Gharama ya Kupindua Mfuatano

Kwa muda mrefu, polisi na mahakama waliipokea picha ya ukoo kama ilivyokuwa. Kila 'ndrina ilihesabiwa kuwa familia yenye ugomvi wake, na uhusiano wake na nyingine ulidhaniwa kuwa wa ujirani tu. Walioshikilia kwamba kulikuwa na chama kimoja chenye vikao vyake walikuwa na dalili za kutosha. Tarehe 26 Oktoba 1969 polisi waliuvamia mkutano wa wanachama wengi uliofanyika msituni Montalto, karibu na kilele cha Aspromonte. Familia zenye uhasama wa kurithi haziandai mikutano mikuu. Hata hivyo tukio hilo halikubadilisha sana mtazamo wa wengi.

Iliwachukua wapelelezi miaka 40 mingine kupata uthibitisho wa picha. Septemba 2009, wakati wa sikukuu ya Bikira Maria wa Polsi, kamera zilizofichwa ziliwarekodi wakuu wa chama wakiwa wamesimama mduara mbele ya hekalu hilo lililo bondeni, katika eneo la San Luca, wakithibitisha vyeo vipya. Mkuu aliyetajwa alikuwa mzee aliyekaribia miaka 80. Julai 2010 watu takriban 300 walikamatwa Calabria na kaskazini ya Italia, na Juni 2016 Mahakama ya Rufani ya Juu ya Italia ilithibitisha kwamba 'ndrangheta ni chama kimoja chenye chombo cha juu kinachoziunganisha familia zake. Novemba 2023, mahakama ya Calabria iliwatia hatiani watu zaidi ya 200 katika kesi moja iliyokuwa imeanza Januari 2021. Kwa maneno mengine, dola ilichukua zaidi ya karne moja kukubali kile ambacho washtakiwa wa Palmi walikuwa wamekwisha kukiri katika miaka ya 1890.

Ipo athari nyingine inayowagusa wasio na hatia. Ikiaminika kwamba uhalifu huu umo katika damu ya watu wa milimani, kila mwenye jina la ukoo fulani anakuwa mshukiwa tangu utotoni, na chama kinapata kwa bure kile kinachokihubiri. Ikiaminika, kinyume chake, kwamba damu ni chombo kilichotwaliwa na chama katika wakati unaojulikana, basi mtoto na chama vinaweza kutenganishwa. Mahakama ya Watoto ya Reggio Calabria, iliyokuwa chini ya jaji Roberto Di Bella, ilianza mwaka 2012 kuamuru baadhi ya vijana wa familia hizo wapelekwe kuishi mbali na nyumbani. Wapo walioulaumu uamuzi huo kuwa ni kuwapokonya wazazi watoto wao, na lawama hiyo si ya kudharauliwa. Lakini baadhi ya akina mama wa familia hizo wamekwenda wenyewe, kwa siri, kuomba watoto wao wachukuliwe kabla kile kiapo hakijafika.